Bawa la Popo, Mzizi wa Mkarafuu na Milimita Chache Zinazofanya Kazi

Mwaka 1904, nchini Ujerumani, wanasayansi wawili wa fani zilizo mbalimbali walisema jambo lililo karibu kuwa moja. Mwezi wa Agosti, mjini Heidelberg, mhandisi wa miaka 29 aitwaye Ludwig Prandtl aliwasomea wanahisabati waliokusanyika kutoka nchi nyingi karatasi fupi ambayo, ilipochapishwa, ilichukua kurasa 8 tu. Alieleza kwamba hewa au maji yanapopita juu ya kitu kigumu, msuguano wenye uzito hutokea katika tabaka jembamba mno linalokigusa kitu hicho, na kwamba nje ya tabaka hilo mtu anaweza kufanya hesabu zake kana kwamba msuguano haupo. Mwaka huohuo Lorenz Hiltner, mtaalamu wa bakteria wa udongo aliyekuwa akishughulika na mimea ya jamii ya kunde, aliupa jina la rizosfera ule udongo unaouzunguka mzizi na kubadilishwa nao, akashikilia kwamba sehemu kubwa ya lishe na afya ya mmea huamuliwa hapo.

Vitabu huwaweka watu hawa katika rafu zinazotazamana kwa mbali, mmoja kwa marubani na mwingine kwa mabwana shamba. Mimi hufundisha sayansi katika skuli moja ya sekondari hapa Pemba, na kwa kuwa ratiba hunitoa kwenye fizikia na kuniingiza kwenye biolojia asubuhi hiyohiyo, nimezoea kuwaona wamekaa jamvi moja. Ninalotaka kulisema ni kwamba utafiti wa bawa na utafiti wa mzizi ulipata nguvu pale watafiti walipoacha kukitazama kitu chenyewe na kulitazama tabaka linalokizunguka, na kwamba sisi, tunapozungumzia rutuba ya mikarafuu, bado tunazungumzia shamba zima kana kwamba tabaka hilo halipo.

Bawa nililo nalo karibu ni la popo wa Pemba, ambaye wataalamu humwita Pteropus voeltzkowi na ambaye hapatikani kokote duniani ila kisiwani kwetu. Akiyatandaza mabawa yake hufikia takriban mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha, ilhali uzito wake ni kati ya gramu 400 na 650. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki elfu chache, kwa sababu ya kuwindwa kwa kitoweo na kukatwa kwa misitu wanamolala. Ulinzi uliofanywa na vijiji, Kidike ikiwa mfano unaojulikana zaidi, uliwarudisha hadi wakakadiriwa kufika karibu 20,000. Anayekwenda Kidike jioni, wakati wanapoanza kuondoka mitini, huona wanyama wazito kiasi wakienda kwa utulivu usiolingana na ngozi nyembamba wanayoitegemea.

Nguvu inayombeba ni ndogo kuliko mtu anavyodhani. Nikimchukua popo wa nusu kilo na kuyakadiria mabawa yake kuwa na eneo la mita ya mraba 0.2, tofauti ya wastani ya kanieneo kati ya chini na juu ya bawa inayotosha kumshikilia angani ni kama paskali 25, wakati hewa ya ufukweni ina kanieneo ya paskali 100,000 na zaidi. Popo anaishi kwa tofauti ya sehemu moja katika 4,000. Swali la aerodinamiki, yaani elimu ya mwendo wa hewa, ni namna tofauti hiyo inavyopatikana na namna inavyopotea.

Kuna maelezo yanayorudiwa sana madarasani, kwamba hewa inayopita juu ya bawa hukimbia ili iwahi kukutana nyuma na hewa iliyopita chini. Maelezo haya hayana msingi. Hakuna sheria inayozilazimisha hewa mbili zilizoachana kukutana tena, na moshi ukipulizwa katika handaki la upepo huonyesha kwamba hewa ya juu hufika nyuma mapema kuliko ya chini. Lililo kweli ni kwamba bawa lililoinamishwa kidogo huipinda hewa na kuisukuma chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu. Hewa ya juu ikiharakishwa na kupinda huko, kanieneo yake hushuka. Martin Kutta mwaka 1902 na Nikolai Zhukovsky mwaka 1906 waliiandika hesabu ya jambo hilo kwa kutumia mzunguko wa hewa kulizunguka bawa. Hata hivyo hesabu yao ilihitaji sharti moja lililotoka nje ya hesabu yenyewe, nalo ni kwamba hewa iliachie bawa vizuri kwenye ukingo mkali wa nyuma. Kinachoifanya hewa ilitii sharti hilo ni mnato wake, yaani msuguano wake wa ndani, na mnato hufanya kazi ndani ya lile tabaka la Prandtl. Tangu mwaka 1752, mwanahisabati Mfaransa d'Alembert alikuwa ameonyesha kwamba katika majimaji yasiyo na mnato kitu kinachosafiri hakipati ukinzani wowote, jibu ambalo kila mvuvi angelicheka. Kwa miaka 150 hesabu ilikuwa sahihi na bahari ilikuwa sahihi, na hazikupatana hadi mtu alipozitazama milimita za mwisho.

Hewa inayougusa uso wa bawa hasa haiendi popote. Imekwama juu yake. Juu kidogo huanza kuteleza, juu zaidi hukaza mwendo, hadi inafikia kasi kamili ya upepo. Anayetaka ushahidi alitazame pangaboi la ofisi lililozunguka mwaka mzima, aone vumbi lilivyoganda juu ya mapanga yake. Unene wa tabaka hilo hukadirika kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha sita anaimudu. Chukua mwendo wa popo kuwa mita 8 kwa sekunde na upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, kuwa sentimita 15. Zidisha viwili hivyo, kisha ugawe kwa mnato wa hewa uliokwisha kugawanywa kwa msongamano wake, na utapata karibu 80,000. Hiyo ndiyo namba ya Reynolds, inayolinganisha nguvu ya mwendo wa hewa na nguvu ya mnato wake, kwa jina la Osborne Reynolds aliyefanya majaribio yake ya mtiririko katika mabomba mwaka 1883. Kwa namba hiyo, tabaka likiwa tulivu, unene wake kwenye ukingo wa nyuma hufika milimita 2 au 3. Ni makadirio ya bawa bapa lisilopigwapiga, lakini yanatupa kipimo cha mahali pa kutazama.

Ndege ndogo za abiria zinazotua Pemba huruka kwa namba za Reynolds za mamilioni, na hilo huwapunguzia marubani shida fulani. Tabaka la hewa juu ya bawa lao huwa limekwisha kuvurugika lenyewe, na tabaka lililovurugika hung'ang'ania uso wa bawa kwa nguvu zaidi. Popo yuko katika eneo la kati, baina ya mdudu na ndege ya chuma, ambako tabaka bado ni tulivu na kwa hiyo hubanduka kwa urahisi. Likibanduka, hewa huacha kuufuata mgongo wa bawa, ile tofauti ya paskali 25 huporomoka, na mwenye bawa huanguka. Manahodha wetu wanalijua jambo hili bila ya namba: anayekwenda joshi na kulibana tanga kupita kiasi huliona likiwa limejaa upepo na chombo kimelala, lakini safari haiendi.

Popo ameyajibu matatizo hayo kwa mwili wake, na majibu hayo yamechunguzwa kwa bidii katika miongo miwili iliyopita, hasa nchini Sweden na Marekani, kwa kuwarusha popo wa jamii nyingine katika mahandaki yaliyojazwa ukungu mwepesi unaomulikwa na leza. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha kwamba popo mdogo anayekunywa maji ya maua, akiruka polepole, hutengeneza kisulisuli kidogo kinachokaa juu ya ukingo wa mbele wa bawa, na kwamba kisulisuli hicho huchangia hadi asilimia 40 ya nguvu ya kumnyanyua. Hapo tabaka limebanduka kweli, lakini limebanduka kwa utaratibu na kujikunja mahali linapohitajika. Ndani ya ngozi ya bawa mna misuli myembamba isiyoshikana na mfupa wa bawa, ambayo hukazwa wakati wa kuruka ili ngozi isijae hewa kupita kiasi. Juu ya ngozi hiyo mna malaika wadogo sana, yaani vinyweleo laini, na popo walioondolewa malaika hao katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011 waliruka kasi zaidi na kukata kona kwa upana zaidi, ishara kwamba nywele hizo huwaambia namna hewa inavyokwenda karibu na ngozi. Kwa maneno mengine, mnyama huyu analipima tabaka la Prandtl kila anapopiga bawa. Nikiulizwa ni utafiti gani wa bawa ulionistaajabisha zaidi, huutaja huo wa malaika kabla ya ule wa kisulisuli.

Sasa tushuke chini ya mti.

Mkarafuu, kama mti wowote, unahitaji naitrojeni kwa ajili ya protini, na protini kwa wastani ni asilimia 16 hivi naitrojeni kwa uzito. Yujinoli, mafuta yanayoipa karafuu harufu yake, hayana hata chembe moja ya naitrojeni: molekuli yake ni kaboni 10, hidrojeni 12 na oksijeni 2. Hata hivyo hayatengenezwi ila na vimeng'enya, na vimeng'enya ni protini. Kwa hiyo tunachokianika kwenye majamvi na kukiuza kwa kilo kimepitia kwenye naitrojeni ya udongo, ingawa harufu yenyewe haionyeshi.

Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo, katika udongo wenye hewa ya kutosha, hupatikana kwa umbo la naitreti. Majani yanayooza, na hata mkojo na kinyesi cha popo chini ya miti wanamolala, hutoa kwanza amoniamu. Kisha bakteria, ambao Sergei Winogradsky aliwatenga mwanzoni mwa miaka ya 1890, huigeuza kuwa naitriti na hatimaye naitreti. Tofauti ya amoniamu na naitreti ni ya chaji. Amoniamu ina chaji chanya na hushikwa na chembe za kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi, ambazo zina chaji hasi. Naitreti ina chaji hasi, na kinamo huisukuma. Kwa sababu hiyo naitreti huenda yalikokwenda maji: yakipanda na mzizi hupanda nayo, yakizama chini ya mizizi huzama nayo, na katika kichanga cha pwani kuzama huko hakuchukui muda.

Namna inavyoufikia mzizi ilielezwa vizuri na Stanley Barber mwaka 1962, alipotenganisha njia mbili. Ya kwanza ni mkondo: mti unavuta maji kwa sababu majani yanatoa mvuke, na maji hayo huja na kilichoyeyuka ndani yake. Ya pili ni mtawanyiko: mzizi ukishanywa naitreti iliyo karibu, palipopungua huvuta kutoka palipo na nyingi. Mtawanyiko ni wa polepole. Katika udongo wenye unyevu wa kutosha, chembe ya naitreti husogea kwa mtawanyiko umbali wa karibu milimita 4 kwa siku. Udongo ukikauka, umbali huo hupungua sana kwa kuwa njia za maji hukatika. Fosfati, inayoshikwa na udongo, haifiki hata huko.

Milimita 4, basi, kuuzunguka mzizi, na milimita 2 au 3 juu ya bawa. Silichukulii hilo kuwa sheria ya maumbile; ni sadfa ya viwango viwili vinavyokutana. Lakini ni sadfa yenye faida, kwa kuwa inamwonyesha mwanafunzi kwamba mti wenye shina la kukumbatiwa na watu wawili hulishwa kupitia gamba la udongo ambalo rula yake ya skuli inatosha kulipima.

Katika uso wa mzizi wenyewe mambo hayafanani tena na bawa. Ndani ya seli ya mzizi kuna volti hasi ya milivolti 100 hadi 200 ukilinganisha na nje, na utando unaoitenganisha una unene wa nanomita 7 hivi. Ukigawanya milivolti 150 kwa unene huo unapata zaidi ya volti milioni 20 kwa mita. Popo anabebwa na tofauti ndogo iliyotandazwa juu ya eneo kubwa. Mzizi unafanya kazi kwa tofauti kubwa mno iliyobanwa katika unene usioonekana. Na tofauti hiyo inaielekea naitreti kwa uadui, kwa kuwa chembe yenye chaji hasi inatakiwa kuingia mahali penye chaji hasi, tena mara nyingi pana naitreti nyingi zaidi ya nje. Mzizi hulipa gharama ya jambo hilo. Kwanza hutumia nishati kusukuma protoni nje. Kisha protoni 2 zinaporudi ndani kwa kani ya umeme, huibeba naitreti moja pamoja nazo. Ikishaingia, bado inahitaji elektroni 8 ili igeuzwe kuwa amoniamu na kutumika.

Milango inayopitisha naitreti ilianza kujulikana kwa jina mwaka 1993, ilipotambuliwa jeni ya protini inayoitwa leo NRT1.1 katika mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis. Protini hiyo hubadilisha tabia: naitreti ikiwa haba, fosfati hubandikwa mahali pamoja mahususi kwenye mwili wake na mlango huwa mwepesi wa kunasa hata kidogo kilichopo, ikiwa nyingi, fosfati hubanduliwa na mlango huridhika na kupitisha kwa wingi. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba NRT1.1 pia ni kihisio, yaani huiambia seli kiasi cha naitreti kilichopo nje. Kabla ya hapo, mwaka 1975, Malcolm Drew alikuwa ameonyesha kwa shayiri kwamba mzizi ukipata naitreti mahali pamoja tu, huchipuza matawi mengi mahali hapo. Hapo namkumbuka popo na malaika wake, kwa kuwa mzizi nao unalipima tabaka lake na kujirekebisha kulingana nalo.

Yote hayo yamepimwa kwa mimea ya aina chache. Kwa miti, mpoplari ndio uliotangulia, kwa kuwa ndio mti wa kwanza ambao jenomu yake ilisomwa na kuchapishwa, mwaka 2006. Na miti haifanani: mwaka 1997 Herbert Kronzucker na wenzake waliripoti kwamba msprusi mweupe wa Kanada, ukipewa amoniamu na naitreti kwa viwango sawa, ulichukua amoniamu hadi mara 20 zaidi. Baadhi ya majaribio ya namna hiyo hutumia naitrojeni 13, isotopu ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya dakika 10 hivi, kwa hiyo maabara ni lazima iwe jirani na mtambo unaoitengeneza, na mtafiti atembee haraka. Anayehamisha matokeo ya msprusi kuyaleta kwenye mkarafuu, mti wa jamii ya mpera uliotoka visiwa vya Maluku, anafanya jambo ambalo hakuna mhandisi wa mabawa angelithubutu kwa kulichukua bawa la mbu na kulifunga kwenye ndege.

Lakini pingamizi langu kubwa ni jingine. Tangu Emanuel Epstein na Charles Hagen walipotumia, mwaka 1952, hesabu za vimeng'enya kueleza namna mizizi ya shayiri inavyonyonya madini, njia ya kawaida imekuwa kuuchukua mzizi, kuuosha, kuutia ndani ya maji yenye madini yaliyopimwa, na kuyakoroga maji hayo. Kukoroga kuna sababu nzuri: mtafiti anataka kujua uwezo wa milango, hivyo anaondoa kila kizuizi kilicho mbele yake. Kizuizi anachokiondoa ndicho tabaka. Namba zinazopatikana ni safi na zinarudiwa, nami nazifundisha, ila ni namba za mzizi ambao haumo ardhini. Katika udongo, mlango mzuri kuliko yote hauna faida ikiwa gamba la milimita chache mbele yake limekaukiwa, na mara nyingi kinachoamua kasi ya ulaji ni safari ya naitreti kuufikia mzizi kuliko uwezo wa mzizi wa kuipokea. Watu wa aerodinamiki walipita mahali hapahapa walipokuwa na majimaji yao yasiyo na mnato, na d'Alembert aliwaonyesha aibu yake mapema. Wa mizizi hawakuwa na aibu ya wazi namna hiyo, kwa kuwa udongo hauonekani ndani na makosa yake hayaangushi kitu.

Kuna mahali ambapo upepo na naitreti hukutana kwa kweli, nje ya mfano wowote, napo ni kwenye jani. Jani la mkarafuu ni bapa, lina urefu wa karibu sentimita 10, na hewa inapopita juu yake huacha tabaka lilelile la Prandtl. Kwa jani la urefu huo na upepo wa mita 1 kwa sekunde, tabaka lina unene wa wastani wa milimita 1.3 hivi, upepo ukifika mita 4 kwa sekunde, unene hupungua kwa nusu. Mvuke unaotoka katika vitundu vya jani ni lazima uvuke tabaka hilo kwa mtawanyiko kabla ya kuchukuliwa na upepo. Tabaka likipungua, mvuke hutoka kwa urahisi zaidi, mti huvuta maji zaidi, na mkondo unaoleta naitreti kwenye mzizi huongezeka. Mti unaotoa lita 50 kwa siku, katika udongo ambao maji yake yana milimoli 1 ya naitreti kwa lita, huletewa kwa mkondo huo gramu 0.7 za naitrojeni. Mti hauukubali upepo bila masharti, kwa sababu vitundu vya jani hujifunga maji yanapopungua, na hewa yetu yenye unyevu mwingi hupunguza mvuke hata upepo ukivuma. Hata hivyo mkarafuu ulio juu ya kilima unaopokea kusi moja kwa moja, na mwingine uliojificha bondeni, hailetewi naitreti kwa kasi moja, ingawa bwana shamba angeupima udongo wao na kuukuta uko sawa.

Upepo huohuo ukizidi huwa habari nyingine. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipita Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu iliyokuwa imepandwa huko tangu nusu ya kwanza ya karne hiyo, ilhali Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa. Ndiyo sababu mojawapo ya kisiwa chetu kuwa kitovu cha karafuu hadi leo. Kani ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo upepo wa mita 50 kwa sekunde unausukuma mti kwa kani inayokaribia mara 100 ya ile ya upepo wa mita 5, ukipunguza kidogo kwa sababu majani hujikunja na matawi huinama. Mizizi minene inayoushikilia mti dhidi ya kani hiyo hainyonyi naitreti ya maana, kwa kuwa imefunikwa na gamba lisilopitisha maji kwa urahisi. Inayonyonya ni ile myembamba, ya chini ya milimita 2, pamoja na vinyweleo vyake, na katika miti mingi ya tropiki pamoja na nyuzi za kuvu wanaoishi ndani ya mizizi hiyo. Mingi kati yake iko karibu na uso wa ardhi, mahali ambapo jembe hupita.

Ami yangu, ambaye ni mkulima wa Mtambwe, hushikilia kwamba mvua za mwanzo ndizo zinazoutia mkarafuu rangi, na kwamba mvua kubwa zinazofuata humnufaisha zaidi mwenye mpunga. Kauli yake ina mwenzake katika maandishi ya sayansi, tena ya Afrika Mashariki. H. F. Birch, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Muguga nchini Kenya, alionyesha katika makala zake za mwaka 1958 na zilizofuata kwamba udongo uliokauka ukinyeshewa hutoa kwa siku chache kiasi kikubwa cha kaboni na naitrojeni, kuliko udongo uliokuwa na unyevu wakati wote. Viumbe vidogo vinavyoamka hula mabaki ya vilivyokufa na mboji iliyofunguka kwa kukauka, na naitreti hupanda ghafla. Kisha masika yakikolea, maji yanayozidi mahitaji ya mti huisukuma naitreti hiyo chini, na mizizi myembamba iliyoko juu hubaki ndani ya maji mengi yenye naitreti kidogo. Anayetia mbolea katikati ya masika kwa kuwa udongo umelainika anaitia wakati ambao tabaka linaloulisha mti linaoshwa kila siku. Ningemshauri aitie kidogo kidogo, baada ya fujo ya mvua za mwanzo kutulia na kila zinapopatikana siku za nafuu, na aitie chini ya kivuli cha matawi ambako mizizi myembamba imetanda, mbali na shina.

Ushauri huo unaweza kupimwa hapahapa kwa vifaa visivyo vya gharama kubwa. Vikombe vya kauri yenye vitundu vidogo sana hufukiwa kina cha sentimita 15, 50 na 100 chini ya mkarafuu, hutolewa hewa kwa pampu ya mkono, na maji ya udongo huingia ndani yake yenyewe. Naitreti iliyomo husomwa kwa vijikaratasi vinavyobadilika rangi. Jozi moja ya miti ingekuwa kwenye kinamo na nyingine kwenye kichanga, na katika kila jozi mti mmoja uwe unapokea kusi na mwingine uwe umekingwa, ukiwa na kipimo cha upepo kilichofungwa kwenye usawa wa majani. Usomaji wa kwanza ungefanywa kabla ya mvua ya kwanza ya masika, wa pili siku chache baada yake, na wa tatu baada ya mvua kubwa. Naitreti ikishuka kwenye sentimita 15 na kupanda kwenye sentimita 100, itakuwa imekimbia. Ikishuka kote kuwili, na zaidi kwenye mti unaopigwa na upepo, mti utakuwa umeila. Kwenye kichanga ningeongeza kikombe cha nne, kwenye sentimita 150, kwa kuwa huko natarajia usomaji wa tatu uikute naitreti imekwisha kupita mita moja.